Daftari la Darasa la Sita

Septemba 2010, jijini New York, Tanzania ilipewa tuzo kwa mwendo wake kwenye lengo la pili la Malengo ya Maendeleo ya Milenia, lile la elimu ya msingi kwa kila mtoto. Watoto kama 95 katika kila 100 waliofikia umri wa shule walikuwa wameandikishwa. Kwa nchi ambayo miaka kumi nyuma ilikuwa ikiwaacha nje watoto wanne hivi katika kila kumi, hilo halikuwa jambo dogo.

Siku hizohizo, wilayani Masasi mkoani Mtwara, mwalimu mmoja wa kike alikuwa ameinamia daftari la mahudhurio la darasa la sita. Alikuwa na kawaida ambayo wenzake ofisini waliicheka. Daftari hujazwa kwa kushuka, jina baada ya jina, vema kwa aliyefika na mkasi kwa aliyekosa. Yeye alilisoma kwa kukata upande: jina moja, tangu Januari mpaka Septemba. Kwa wavulana mikasi ilitapakaa ovyo, leo mmoja, wiki ijayo mwingine. Kwa wasichana kadhaa ilikuja kwa mafungu, siku tatu au nne zikifuatana, kisha wiki tatu za vema, kisha fungu jingine. Na yapo majina ambayo mikasi yake ilianza shule zilipofunguliwa Julai na haikukoma tena.

Machi, majina hayo yalikuwa yamehesabiwa. Ndio mwezi ambao walimu wakuu hujaza fomu za takwimu. Fomu huenda kwa mratibu wa elimu kata, zikapanda halmashauri, zikafika wizarani, na mwisho wa safari hugeuka asilimia ambayo ulimwengu huipigia makofi. Septemba hakuna anayedai fomu.

Mwalimu huyo sasa amestaafu. Anafuga kuku, analima mihogo kidogo, na akipita sokoni hata wanaume wenye mvi humwamkia, “Shikamoo, Mwalimu.” Tumwite hivyohivyo. Kumbukumbu zake zina thamani kwa sababu malengo haya makubwa yalimpitia mwilini mara tatu: mara moja akiwa mtoto anayeandikishwa, mara mbili akiwa yeye ndiye anayeandikisha.

Alizaliwa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Alipokuwa na miaka saba, Novemba 1974, chama tawala cha TANU kilikutana Musoma na kuamua jambo ambalo wataalamu wengi waliliona kuwa ni papara: elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa 1989, ifikiwe 1977. Ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kufutwa 1973. Watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na pamoja na machungu yote ya kuhamishwa kule, kijiji kilichokusanyika kiliweza kujengewa shule ambayo nyumba zilizotawanyika porini zisingeipata.

Baba yake alikuwa ameamua zamani kwamba shule ni ya kaka zake. Hakuwa mkali, hesabu yake tu ndiyo ilikuwa hiyo. Kisha akaja balozi wa nyumba kumi na orodha yake, akaandika watoto wa nyumba nzima.

“Na huyu naye?” baba aliuliza, akimwonyesha binti.

“Wote,” balozi akajibu, wala hakuinua kichwa.

Mwalimu anapenda kuisimulia habari hiyo kwa watu wa semina wanaosema kwamba jamii haibadilishwi kwa amri. Yeye alibadilishwa kwa amri. Sheria ya Elimu ya 1978 ilikuja kumfanya mzazi anayemzuia mtoto kuwa mkosaji, na anakumbuka kwamba faini ilimshawishi baba yake kuliko hotuba yoyote ya redioni. Kuna wakati haki ya mtoto wa kike inahitaji mtu mwenye orodha asiyeuliza maoni ya wenye nyumba.

Darasa lenyewe lilikuwa kuta za udongo na paa la nyasi, watoto wakikalia magogo. Mwalimu wao alikuwa mwalimu wa UPE, kama ulivyoitwa kwa kifupi cha Kiingereza mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote: kijana aliyemaliza darasa la saba juzijuzi, anayefundisha asubuhi na kujifunza ualimu mchana kwa vitabu vya posta na vipindi vya redio. Nchi ilihitaji maelfu kwa maelfu ya walimu kwa haraka, na hakukuwa na vyuo vya kuwatosha. Watu wazima wa leo wanawataja walimu wa UPE kwa kebehi, kama walivyokuja kuwakebehi baadaye wale wa mafunzo ya haraka walioitwa “vodafasta.” Mwalimu hakubali. Yule kijana, anasema, hakujua mengi ya Jiografia, lakini alijua kila mtoto anaishi nyumba gani, na aliyekosa siku mbili alifuatwa.

Kitu cha pili cha miaka ile hakimo katika asilimia zozote za watoto. Mama yake alikwenda kisomo. Jioni, baada ya shamba na mtungi, wanawake wa kijiji walikaa kwenye madawati yaleyale ambayo watoto walikuwa wameyaacha mchana, yalipokuja kupatikana madawati. Kisomo cha watu wazima kilikuwa kampeni ya nchi nzima. Katika miaka kumi kutoka 1967, kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka theluthi mbili ya watu wazima hadi kama robo. Wanaume wa kijiji walifanya mzaha kuhusu ajuza wanaoimba a-e-i-o-u.

Mwaka 1982 binti alimaliza darasa la saba. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Tanzania ya wakati ule ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka watoto wachache zaidi duniani kwenye shule za sekondari, maana nguvu zote ziliwekwa kwenye msingi. Barua ya kuchaguliwa ilipofika, baba aliipokea na kuiweka juu ya dari. Alisema ni barua ya chama. Mama alisubiri atoke, akaishusha, akaisoma mwenyewe, polepole, kwa kidole, mpaka akalifikia jina la mwanawe. Hakugombana na mtu. Kesho yake alikwenda nayo kwa mwalimu mkuu kuuliza mahitaji ya bweni.

Mwalimu haielezi habari hiyo kwa machozi. Anaitoa kama hoja. Lengo la elimu ya msingi na lengo la usawa wa kijinsia yaliandikwa New York kwa namba mbili, la pili na la tatu, kana kwamba ni mambo mawili. Nyumbani kwao yalikuwa jambo moja: mwanamke mzima aliyejua kusoma ndiye aliyemfanya msichana aendelee kusoma.

Miaka iliyofuata inapita haraka katika simulizi yake, kwa sababu ilikuwa miaka ya kupungukiwa. Gharama zilizoachwa na Vita vya Kagera, bei za mazao kuanguka, deni, masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Ada zilirudi katikati ya miaka ya 1980, zikaja na ndugu zake: mchango wa dawati, wa mlinzi, wa mtihani. Yeye alianza kufundisha 1989. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Jomtien, Thailand, yakaahidi elimu kwa wote ifikapo 2000. Mwaka huo yeye alikuwa akitumwa na mkuu wake kuwarudisha nyumbani watoto ambao wazazi hawajalipa. Nyumba yenye fedha ya sare moja ilimvisha mvulana. Mwaka 1995 Gertrude Mongella, mwenyeji wa Ukerewe na mwalimu kwa taaluma, aliongoza mkutano wa wanawake wa Beijing akiwa Katibu Mkuu wake. Masasi habari ilifika vilabuni kwa namna yake: mke akikataa kumwandalia mumewe maji ya kuoga, watu walisema hayo ni mambo ya Beijing.

Kisha ikaja 2001.

Rais Benjamin Mkapa alikuwa mtoto wa Lupaso, hukohuko Masasi, aliyeanza shule kijijini kwao na kuendelea Ndanda kwa wamisionari. Serikali yake iliifuta ada ya shilingi 2,000 kwa mwaka, ikaanzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, kuanzia 2002 hadi 2006. Fedha zilitoka sehemu kadhaa: mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, wahisani, na msamaha wa madeni ambao Tanzania ilikamilisha masharti yake mwishoni mwa 2001. Shilingi 2,000 ilikuwa kitu gani? Kwa mtu wa mjini, chai na vitafunwa vya siku chache. Kwa mkulima wa korosho mwenye watoto watano, msimu ukiwa mbaya, ilikuwa ukuta.

Januari 2002 ukuta huo ulipoondolewa, Mwalimu aliwekwa kwenye meza ya uandikishaji. Foleni ilizunguka ofisi. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo ilitumika njia ya wazee: mtoto ananyoosha mkono wa kulia juu ya utosi, na ikiwa vidole vinaligusa sikio la kushoto, ametimiza umri. Siku ile wengi walilishika sikio zima. Walikuwa watoto wa miaka kumi, kumi na mmoja, kumi na mitatu, waliokuwa wakingoja bila kujua kwamba wanangoja. Msichana mmoja mkubwa, mwenye umbo la mwanamwali, aliulizwa anataka darasa la ngapi. Akasema, “La kwanza.” Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Kwa watoto wa aina yake ulikuwapo MEMKWA, mpango wa waliokosa shule, na Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya chache ulikojaribiwa tangu 1999, lakini foleni ya siku ile ilikuwa kubwa kuliko mpango wowote.

Kitaifa, wanafunzi wa shule za msingi waliruka kutoka milioni 4.8 mwaka 2001 hadi karibu milioni 6 mwaka uliofuata, na kupita milioni 8 mwaka 2007. Mwalimu mmoja aliyekuwa na wastani wa wanafunzi 46 alijikuta, miaka michache baadaye, anawakaribia 60. Wastani ni kitu cha huruma: huwachanganya wa mjini na wa kijijini. Mwalimu alikuwa na darasa ambalo wa mbele walisikia, wa kati walikisia, wa nyuma walitazama dirishani. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi ilifika pungufu, na ilifika ikiwa imechelewa. Ndiyo maana utafiti wa Uwezo ulipotoka kuanzia 2010 na kuonyesha kwamba mmoja katika kila wahitimu watano wa darasa la saba hawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili, yeye hakushtuka. Alishtushwa na walioshtuka.

Kwa jinsia, namba zilikuwa nzuri. Lengo la tatu la Milenia lilitaka pengo la wavulana na wasichana shuleni lizibwe ikiwezekana kufikia 2005. Dunia ililikosa; lilikuwa lengo la kwanza kabisa la Milenia kufikiwa na tarehe yake bila kutimia. Tanzania, kwa upande wa shule za msingi, ilikuwa imekwisha kuukaribia usawa tangu enzi za UPE, na MMEM iliurudisha. Katika shule yake wasichana walikuwa nusu, mwaka mwingine walipita nusu.

Hapo ndipo Mwalimu anapoinua kidole. Usawa wa uwiano, anasema, una njia mbili za kuupata. Moja ni wasichana kubaki. Nyingine ni wavulana nao kuondoka. Darasa la sita la mwaka mmoja anaoukumbuka vizuri lilikuwa na uwiano safi kabisa mwisho wa mwaka: wasichana walioolewa walilingana na wavulana waliopanda basi kwenda kuuza mitumba na vyombo vya plastiki Dar es Salaam. Pale Kariakoo waliitwa wamachinga. Kwenye fomu hawakuonekana popote, na asilimia haikutikisika.

Yale mafungu ya mikasi aliyaelewa mapema, maana na yeye alikuwa msichana. Shule ilikuwa na matundu ya vyoo machache, mlango wa gunia, maji hakuna. Msichana anayeanza kupata hedhi alikuwa na chaguo la kukaa darasani siku nzima bila kusimama, au kubaki nyumbani. Alibaki nyumbani. Mwalimu aliomba choo kimoja cha walimu kiwe na ndoo ya maji, sabuni na vipande safi vya kanga kuukuu, ufunguo ukae kwa dada mkuu. Kulikuwa na manung'uniko. Mwalimu mmoja wa kiume aliuliza kama sasa wanaume wajisaidie migombani. Ufunguo ulikaa. Mafungu hayakuisha, yalipungua urefu. Baadaye suala hilo lilifika hadi bungeni: bajeti ya 2018 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, ya 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei dukani hazikushuka. Wafanyabiashara walikula tofauti, na aliyeadhibiwa akawa msichana. Duka la karibu na shule, kwa ushuhuda wa Mwalimu, halikubadilisha bei mwaka wowote kati ya hiyo miwili.

Mikasi ya Julai ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu chanzo chake kilikuwa kitu ambacho watu wanakipenda.

Kusini mtoto wa kike huchezwa. Unyago kwa wasichana na jando kwa wavulana ni mambo ya zamani kuliko shule, kuliko hata misheni iliyofika Masasi mwaka 1876. Wamisionari wa Kianglikana walijaribu kwanza kuyapuuza. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, aliona haiwezekani, akayaingiza kanisani yakiwa yamebadilishwa: jando likapata padri na sala. Kwa wavulana mambo yalikwenda. Kwa wasichana yalimpiga chenga, kwa sababu unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake wazee, na kasisi mwanamume hana mlango wa kuingilia humo. Serikali, miaka mingi baadaye, ilikuwa ikigonga ukuta uleule kwa matamko ya wakuu wa wilaya.

Unyago ulifanywa mara nyingi Juni. Msichana wa miaka kumi na mbili alitoka ndani akiwa mwali, amepakwa mafuta, amefungwa kanga mpya, ametunzwa fedha na ndugu. Julai alitakiwa avae sare, akae kwenye dawati na vitoto, achapwe kwa kuchelewa. Wengine walirudi. Wengine waliona, na wazazi wao waliona, kwamba mambo ya kitoto yamekwisha.

Mwalimu hakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Alikwenda kwa kungwi, jioni, na doti ya kanga na sukari, maana hakuna anayekwenda kwa kungwi mikono mitupu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umetumwa na shule, au umekuja kwa miguu yako?”

“Vyote viwili, bibi.”

Bibi alicheka, akamkaribisha mkekani. Mwalimu akaeleza ombi lake: unyago uhamie Desemba. Darasa la saba watakuwa wamemaliza mtihani Septemba, wadogo zao watakuwa na likizo ndefu, na Januari watarudi na wenzao wote. Na vitoto vya miaka minane au tisa visiingizwe kabisa, vingoje vikue.

“Nyinyi mna kalenda yenu, sisi tuna yetu,” bibi akasema. “Mbona yenu ndiyo haisogezwi? Juni watu wamevuna. Wana mahindi, wana mtama, wageni wanakula. Desemba kuna nini ghalani?”

“Desemba kuna fedha za korosho.”

“Zikilipwa.”

Hapo Mwalimu hakuwa na jibu, maana kila mtu wa kusini anajua malipo ya korosho yanavyoweza kuchelewa. Bibi hakuishia hapo. Akauliza shule inawafundisha nini wasichana kuhusu miili yao. “Mtoto anakaa kwenu miaka sita. Anafika kwangu hajui damu inatoka wapi wala inamwambia nini. Halafu mnasema ni mimi ninayemharibu.”

Ni swali la haki, na wanaoandika ripoti juu ya “mila potofu” wangefaidika kulisikia likiulizwa kwa sauti ile. Mazungumzo yaliendelea jioni nyingine, makungwi wengine wakaitwa. Mwafaka haukuwa mkubwa. Walikubali wadogo wangoje. Walio darasa la saba wachezwe baada ya mtihani. Wa darasa la tano na la sita, kila ukoo uamue, ila kungwi atamwambia mwali kwa kinywa chake kwamba kuchezwa hakumalizi shule. Sharti hilo la mwisho ndilo Mwalimu alilolitaka kuliko yote. Neno lilelile likitoka kwa ofisa elimu ni tangazo. Likitoka kwa kungwi, ndani, ni wosia. Kungwi mmoja alikataa kila kitu na akaendelea na Juni yake mpaka alipofariki. Kwa upande wake, Mwalimu aliomba na kupata saa moja kwa wiki ya kuzungumza na wasichana wa madarasa ya juu, akalieleza swali la bibi kwa lugha ya kitabu cha sayansi.

Daftari la Julai lilipata mikasi michache zaidi. Michache, si sifuri.

Kilichomsumbua zaidi kilikuja mwisho wa safari, kwenye karatasi. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulianza kujibiwa kwenye fomu za kusahihishwa na mashine: vijiduara vya kutia kivuli kwa penseli. Katika mmoja wa miaka iliyofuata, msichana aliyekuwa akiongoza darasa kwa Hisabati alishindwa. Hakupungukiwa alama chache, alianguka kabisa. Mwalimu alimtafuta, akamkuta anapura mbaazi. Binti alisema aliumwa. Shangazi yake ndiye aliyefungua mdomo baadaye: mtoto aliambiwa nyumbani atie kivuli ovyo, kwa sababu akifaulu atapangiwa sekondari, na akipangiwa sekondari atakayemwoa atakuwa amemwoa mwanafunzi, na hapo polisi wataingia. Akishindwa, yuko huru.

Huru kwa maana gani? Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akitakiwa atimize 18. Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa mwanafunzi au kumpa mimba. Mwaka huohuo, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vile vya ndoa vinakiuka Katiba na kutoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufani, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Lakini kwa miaka mingi baada ya hukumu hizo vitabu vya sheria vilibaki vilivyokuwa. Matokeo yake wasichana wawili wa rika moja, nyumba jirani, walisimama kwenye nchi mbili tofauti: mwenye sare alilindwa na miaka 30 ya jela, asiye na sare hakulindwa na kitu. Mzazi mjanja hakuhitaji kuvunja sheria. Alihitaji binti ashindwe mtihani.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ulikuwa mimba. Kanuni za 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ilihesabiwa humo. Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais Magufuli alitamka kwamba aliyezaa hatarudi katika shule za serikali. Ni rais yuleyule ambaye Januari 2016 alikuwa ameanzisha elimu bila malipo mpaka kidato cha nne, wimbi la tatu katika maisha ya Mwalimu, lililojaza tena madarasa hadi vibarazani. Zanzibar ilikuwa ikiwarudisha wazazi hao wadogo tangu 2010, Kenya tangu 1994. Bara ilingoja hadi 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba aliyejifungua anaweza kurudi.

Mwalimu alibakiwa na miezi michache kazini. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Baadhi ya waliokuwa wanafunzi wake walikuwa na watoto wa pili. Mmoja alimsikiliza vizuri, akamuuliza, “Mwalimu, nikirudi, huyu atabaki na nani?” Mama mkwe wake alikuwa amekaa palepale, anachambua mboga, na hakujitolea.

Huko New York, hesabu ya mwisho ya Malengo ya Milenia ilikuwa imefungwa 2015: watoto milioni 57 wa umri wa shule ya msingi walikuwa bado nje, kutoka milioni 100 mwaka 2000. Yakafuata malengo 17 mapya ya 2030, elimu ikawa lengo la nne na jinsia la tano, bado kila moja na namba yake. Tanzania nayo imejiongezea deni: sera mpya ya elimu, iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025, inafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Binti wa Masasi hatatoka tena kwa kutia kivuli ovyo darasa la saba, maana hapo hapatakuwa tena na mlango wa kutokea.

Mwalimu aliisoma sera hiyo kwa jicho lake la kukata upande. Shule ya sekondari ya kata iko mbali na vijiji vyake kadhaa. Wasichana wa kidato cha kwanza, wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, hupanga geto karibu na shule: chumba kimoja, kitanda cha kamba, jiko la mkaa, mwenye nyumba ambaye hakuna anayejua tabia zake. Baba huleta unga mwisho wa mwezi. Anayeleta sukari na vocha ya simu katikati ya mwezi ni mtu mwingine.

Basi katika mkutano wa kijiji alisimama na kusema bweni la wasichana lijengwe kabla ya darasa jingine lolote. Mzee mmoja aliuliza kwa nini la wasichana peke yao, watoto wa kiume wamekosa nini.

“Hawapati mimba geto,” akajibu, na mkutano ukacheka, mzee mwenyewe akiwamo.

Mtendaji aliandika. Nguvukazi ya kuchimba msingi ilipitishwa bila ubishi, kitongoji kwa kitongoji. Ubishi ulikuwa kwenye fedha: ilipendekezwa kila mkulima akatwe kiasi fulani kwa kila kilo ya korosho kupitia chama cha msingi, na wenye mashamba makubwa wakasema wao ndio watakaojenga peke yao. Watu walianza kuondoka jua lilipozama. Kiwango cha makato kiliachwa mpaka mnada wa kwanza, bei ijulikane.